Joseph Murumbi: Makamu wa rais aliyeacha kiti akabaki na vitabu, barua na stempu

Katikati ya jiji la Nairobi, kwenye barabara ya Moi Avenue, kuna jengo la mawe ambalo zamani lilikuwa benki. Leo ni makao ya Nyaraka za Taifa za Kenya. Ukiingia ghorofa ya chini unakutana na vinyago, ngoma, vigoda, vitambaa, shanga na mapambo ya fedha. Zipo pia stempu za posta za nchi nyingi za Afrika.

Vitu hivyo havikuletwa na serikali kwa mpango wake. Vilikusanywa na mtu mmoja na mke wake kwa miaka mingi, nyumbani kwao. Mtu huyo ni Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekaa kwenye kiti hicho miezi michache tu mwaka 1966 kisha akaondoka.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake: alitoka wapi, kwa nini aliacha siasa, alikusanya nini, na kilitokea nini baada ya kuiuzia serikali mali hiyo kwa masharti. Ni habari ya Kenya, lakini msikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba ataona kwamba inamgusa. Kwa miaka mingi barua za kwetu zilibandikwa stempu moja na barua za Nairobi na Kampala, na tatizo la karatasi za zamani kupotea tunalo hata sisi.

Mtoto wa Mgoa na Mmaasai

Murumbi alizaliwa tarehe 18 Juni 1911 katika Bonde la Ufa, Kenya. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, eneo la pwani ya India lililokuwa chini ya Wareno. Mama yake alikuwa Mmaasai. Jina alilopewa utotoni ni Joseph Zuzarte, jina la ukoo wa baba. Murumbi ni jina la upande wa mama, na ndilo alilochagua kulitumia alipokuwa mtu mzima.

Kuchagua jina hilo halikuwa jambo dogo. Katika Kenya ya wakoloni kila mtu aliwekwa kwenye fungu lake: Mzungu, Mwasia, Mwarabu au Mwafrika. Fungu lako ndilo liliamua shule utakayosoma, mshahara utakaolipwa na mtaa utakaokaa. Mwasia alikuwa na nafuu kuliko Mwafrika. Mtu mwenye baba Mgoa angeweza kubaki upande wa Waasia akapata ahueni ya maisha. Murumbi alijihesabu Mwafrika, akabeba na mzigo wa jina hilo.

Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma. Alikulia huko kwenye shule za wamisionari wa Kikatoliki kusini mwa nchi hiyo, mbali na mama yake. Aliporudi Kenya miaka ya 1930 alikuwa kijana anayejua Kiingereza vizuri, lakini ardhi aliyozaliwa ilikuwa kama ngeni kwake. Alifanya kazi za ukarani, kazi ambazo vijana wengi waliosoma wakati ule walizipata.

Miaka 10 Somalia

Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliwafukuza Waitaliano kutoka Somalia. Uingereza ikaweka utawala wa kijeshi kule, na utawala huo ulihitaji makarani. Murumbi akaenda. Alifanya kazi Somalia tangu mwaka 1941 hadi 1951.

Alikaa katika mji uliokuwa na alama za Waitaliano kila upande, huku Waingereza wakitawala na Wasomali wenyewe wakianza kuunda vyama vya kudai uhuru. Aliona kwa macho yake kwamba mkoloni mmoja anaweza kuondoka na mwingine akaingia, na kwamba hakuna utawala wa kigeni unaodumu milele. Aliporudi Nairobi alikuwa na umri wa miaka 40, na Kenya ilikuwa inachemka.

Anaingia KAU wakati viongozi wanakamatwa

Chama kikubwa cha Waafrika nchini Kenya wakati huo kilikuwa Kenya African Union, yaani KAU, chini ya Jomo Kenyatta. Murumbi alijiunga nacho. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ikaanza kuwakamata viongozi. Kenyatta na wenzake watano walipelekwa Kapenguria kushtakiwa: Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko.

Chama kilibaki bila vichwa. Murumbi, ambaye hakuwa na jina kubwa, akakaimu ukatibu mkuu. Kazi yake ilikuwa nzito: kuandika barua kwa marafiki wa nje, kusaidia kupata mawakili wa kuwatetea washtakiwa, na kuilinda ofisi isife kabisa. Katika kazi hiyo alishirikiana na Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari kijana mwenye asili ya Goa kama baba yake Murumbi. Wawili hao wakawa marafiki wakubwa.

Mwaka 1953 Murumbi aliondoka Kenya kwenda kutafuta msaada nje. Alipita India na Misri, kisha akafika London. Mwaka huohuo KAU ilipigwa marufuku. Kurudi nyumbani kungekuwa kujipeleka kizuizini, kwa hiyo alibaki uhamishoni kwa karibu miaka 9.

London: siasa, maduka ya vitabu na Sheila

Huko London Murumbi alikuwa mmoja wa makatibu wa Movement for Colonial Freedom, chama cha Waingereza na watu wa makoloni waliopigania uhuru wa nchi zinazotawaliwa. Kiongozi wake alikuwa mbunge Fenner Brockway. Baadaye Murumbi alipata kazi katika ubalozi wa Morocco mjini London, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1956. Kwa wanasiasa vijana wa Afrika waliopita London, alikuwa mtu wa kumtafuta.

London ilikuwa na maduka mengi ya vitabu vya zamani. Humo mlikuwa na vitabu vya wapelelezi, wamisionari na maofisa wa kikoloni walioandika kuhusu Afrika. Waingereza wengi walikuwa wameviona ni takataka za babu zao. Murumbi aliona vingine. Alijua kwamba ndani ya vitabu vile, pamoja na kejeli na uongo wake, mna majina ya watawala wetu, njia za misafara, michoro ya nyumba na zana, na maneno ya lugha zetu. Siku nchi zikipata uhuru zitavihitaji, na zitavikuta vimeshatupwa au vimenunuliwa na vyuo vya nchi tajiri.

Kwa hiyo akawa ananunua kidogo kidogo. Humo humo London alikutana na Sheila, mkutubi, yaani mtu aliyesomea kazi ya maktaba. Walioana. Hapo mkusanyo ukapata watu wawili: mmoja wa kutafuta na mwingine wa kupanga.

Stempu ni karatasi ndogo yenye habari kubwa

Katika vitu vyote alivyokusanya Murumbi, stempu ndizo zinazowashangaza wageni wengi. Mtu anajiuliza: kiongozi mzima wa nchi anahangaikaje na vipande vya karatasi vya kubandikia barua?

Jibu ni kwamba stempu ni hati ya serikali. Haichapwi bila idhini. Inataja nchi, inataja fedha inayotumika, na inaonyesha sura ya anayetawala au picha aliyoichagua. Ukizipanga kwa miaka, unasoma historia ya nchi bila kufungua kitabu.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Mtu wa Bukoba aliyepokea barua wakati wa Wajerumani aliona stempu iliyoandikwa kwa Kijerumani, bei yake ikiwa kwa pesa na baadaye heller, visehemu vya rupia. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1900 stempu hizo zilikuwa na picha ya meli ya mfalme wa Ujerumani, ambayo mkulima wa Ihangiro au Kiziba hakuwahi kuiona. Huo ulikuwa ujumbe: mwenye nchi yuko mbali, ana meli kubwa.

Mwezi Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba kutoka ziwani, wakaharibu ngome na mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwaka 1917, kwa sehemu walizokuwa wamezichukua, walitoa stempu zao za Afrika Mashariki na Uganda zikiwa zimegongwa juu yake herufi tatu, G.E.A., maana yake Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vilikuwa havijaisha, na mtawala mpya alikuwa hajapata hata muda wa kuchapa karatasi yake mwenyewe. Mwaka 1922 ndipo ikatoka stempu yenye jina la Tanganyika, ikiwa na kichwa cha twiga.

Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu moja yenye majina yote matatu na sura ya mfalme wa Uingereza. Katika toleo hilo imo picha ya jahazi kwenye Ziwa Victoria, jambo ambalo wavuvi wa visiwa vya Muleba wangelitambua mara moja. Posta ya pamoja ilidumu hata baada ya uhuru, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na posta yake.

Ndiyo maana mkusanyo wa stempu za Afrika si mchezo wa watoto. Unaonyesha siku mfalme wa Ulaya alipotoka kwenye karatasi na picha za viongozi, mazao na wanyama wetu zikaingia.

Waziri, makamu wa rais, kisha raia

Murumbi alirudi Kenya mwaka 1962 kusaidia maandalizi ya uhuru. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Alikuwa waziri wa nchi katika ofisi ya waziri mkuu, na tangu mwishoni mwa 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Nchi mpya ilihitaji balozi na watu wa kuisemea katika mikutano ya dunia. Murumbi aliijua kazi hiyo kwa sababu aliifanya bila mshahara wa serikali kwa miaka mingi. Kila aliposafiri kikazi katika nchi za Afrika, alirudi na kitabu, kinyago au kitambaa.

Tarehe 24 Februari 1965 rafiki yake Pio Gama Pinto aliuawa kwa kupigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Alikuwa na miaka 37. Yalikuwa mauaji ya kwanza makubwa ya kisiasa katika Kenya huru. Pinto alikuwa mbunge aliyesimama na wanyonge na kupinga viongozi kujigawia ardhi. Murumbi aliumia sana.

Mwezi Aprili 1966 makamu wa rais, Oginga Odinga, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Kenyatta. Mwezi Mei Kenyatta alimteua Murumbi kuchukua nafasi hiyo. Wengi wangeshika kiti kile kwa mikono miwili. Murumbi aliomba kuondoka kabla mwaka haujaisha, na mwezi Januari 1967 nafasi yake ilichukuliwa na Daniel arap Moi, ambaye baadaye alikuja kuwa rais.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa afya. Waliomjua na walioandika maisha yake wanaeleza zaidi: kwamba hakufurahishwa na mauaji ya Pinto, na wala hakupenda kuona baadhi ya wenzake wakijilimbikizia ardhi na mali katika nchi ambayo watu walikuwa wameifia. Hakuanzisha chama cha upinzani na hakwenda kupiga kelele barabarani. Aliondoka, akaingia kwenye biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini Kenya.

Nyumba iliyogeuka makumbusho

Baada ya siasa, Murumbi alipata muda. Nyumba yake ya Muthaiga, mtaa wa watu wenye uwezo Nairobi, ilijaa vitabu, barua, magazeti ya zamani, ripoti za vyama vya kupigania uhuru, stempu, vinyago, mazulia, milango ya kuchonga ya pwani na vyungu. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni vitabu na nyaraka zaidi ya 50,000, kati yake kama 8,000 ni vitabu adimu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900.

Alihusika pia katika kuijenga idara ya nyaraka ya nchi yake. Kenya ilitunga sheria ya nyaraka za umma mwaka 1965, mwaka uleule ambao Tanzania nayo ilitunga sheria yake. Murumbi alisisitiza kwamba taifa lisilotunza karatasi zake litalazimika kuomba ruhusa nje kusoma historia yake lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye, Sheila na rafiki yao Mmarekani aitwaye Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Lilikuwa duka na ukumbi wa maonyesho kwa pamoja. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: fundi wa Kiafrika, awe mfinyanzi, mfuma vikapu au mchongaji, alipwe kama msanii na kazi yake ipewe heshima, badala ya kuuzwa kwa watalii kwa bei ya kutupa. Kazi za wasanii wa Kenya, Uganda, Nigeria, Ethiopia na kwingineko ziliwekwa mahali pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika eneo letu.

Auza kwa masharti

Mtu anayekusanya vitu vingi hufika siku akajiuliza: nikifa, vitakwenda wapi? Murumbi alikuwa na njia tatu. Angeweza kuviuza kwa vyuo na makumbusho ya nje, ambako fedha ilikuwepo. Angeweza kuviacha kwa ndugu vigawanywe. Au angeweza kuviweka mikononi mwa taifa.

Alichagua taifa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyo pamoja na nyumba ya Muthaiga. Hakuuza ili tu apate fedha. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ile itunzwe na igeuzwe kuwa taasisi ya mafunzo ya Afrika yenye jina lake, watafiti na wanafunzi waje wasome vitabu na kuona sanaa pale pale vilipopangwa.

Hapa msikilizaji aelewe tofauti. Kinyago kikiwa peke yake kabatini ni kinyago. Kikiwa karibu na kitabu kinachoeleza waliokichonga, barua ya aliyekinunua, na stempu ya nchi ile na mwaka ule, kinakuwa somo. Murumbi alitaka vitu vyake vibaki pamoja kwa sababu hiyo.

Taasisi haikuanzishwa. Vitabu na nyaraka vilipelekwa kwenye jengo la Nyaraka za Taifa. Nyumba ya Muthaiga iliachwa bila matunzo, baadaye ikabomolewa, na kiwanja chake chenye miti ya asili kikaingia mikononi mwa watu binafsi. Mwenyewe aliyaona hayo akiwa hai.

Miaka ya mwisho

Murumbi na Sheila walikuwa wamehamia Intona, shamba lao la mifugo Transmara, kusini magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Wamaasai. Walijenga nyumba kubwa yenye vyumba vingi, wakaanza tena kupamba na kukusanya. Lakini afya yake haikuwa nzuri. Alipata kiharusi, akamalizia maisha akitumia kiti cha magurudumu, na walilazimika kurudi Nairobi karibu na madaktari.

Alifariki tarehe 22 Juni 1990, siku chache baada ya kutimiza miaka 79. Alizikwa City Park, Nairobi, karibu na makaburi alikolazwa Pio Gama Pinto. Sheila alifuata mwaka 2000, akazikwa pembeni yake.

Mwaka huohuo wa 1990, huko Italia, alifariki mtu mwingine aliyeishi na karatasi na posta. Alikuwa Guglielmo Achille Cavellini wa mji wa Brescia, mfanyabiashara aliyeanza kwa kukusanya kazi za wasanii wengine kisha akawa msanii mwenyewe. Cavellini aliona wakuu wa makumbusho hawamjali, akaamua kujitangaza kwa posta. Alituma vitabu, stika na stempu za kubuni zenye sura yake kwa watu wa nchi nyingi, nao wakamjibu kwa picha za kukata na kubandika, kadi na bahasha zilizochorwa. Aina hiyo inaitwa sanaa ya posta. Barua na karatasi zake zilihifadhiwa katika jalada lenye jina lake mjini kwao.

Watu hawa wawili walitofautiana sana. Cavellini alitunza karatasi ili jina lake lisisahaulike. Murumbi alitunza karatasi za wengine: za vyama, za nchi, za mafundi ambao majina yao hayakuandikwa. Lakini wote walijua jambo moja, kwamba kitu kisichowekwa mahali maalumu na kuandikwa kwenye orodha hupotea hata kama kilikuwa cha thamani.

Baada ya kifo

Kwa miaka kadhaa mkusanyo wa Murumbi ulikaa bila watu wengi kuuona. Mwaka 2003 Donovan na wenzake waliunda wakfu kwa jina la Murumbi, na mwaka 2006 ukumbi wa maonyesho wenye jina lake ukafunguliwa katika jengo la Nyaraka za Taifa. Pale City Park ulijengwa uwanja wa kumbukumbu kuzunguka kaburi lake, wenye sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwemo Francis Nnaggenda wa Uganda na Elkana Ong'esa wa Kenya.

Mwaka 2015 kilitoka kitabu cha maisha yake, A Path Not Taken. Kilitokana na mazungumzo aliyorekodiwa miaka ya 1970 na mtaalamu wa nyaraka, Anne Thurston. Kwa maneno mengine, tunajua mengi kuhusu Murumbi kwa sababu kuna mtu alikaa naye na kinasa sauti, kisha kanda zikatunzwa.

Karatasi zinaweza kuleta haki

Wapo watakaosema nyaraka ni mambo ya wasomi. Mfano mmoja kutoka Kenya unaonyesha vingine.

Wazee waliopigwa na kuteswa kwenye kambi wakati wa Mau Mau walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza. Kwa miaka mingi walikuwa na ushahidi wa miili yao tu. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili yapatayo 8,800 yaliyotolewa kimya kimya katika makoloni yake 37 wakati wa kuondoka. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizoonyesha wakubwa walijua mateso yale. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilitangaza kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 na kueleza masikitiko yake.

Murumbi alikuwa amekufa miaka 23 iliyopita. Lakini jambo alilolisema maisha yake yote lilithibitika: mwenye karatasi ndiye mwenye neno la mwisho.

Na sisi wa Bukoba na Muleba?

Mkoa wetu una historia nene ya maandishi. Wahaya walianza kusoma mapema shuleni na misheni, kuanzia Rubya hadi Kashozi. Mwaka 1924 kulianzishwa umoja wa Wahaya mjini Bukoba uliotuma barua na malalamiko kwa serikali. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa waligoma kufuata kanuni za serikali kuhusu migomba na mibuni, na fujo za Kamachumu zikafika kwenye ripoti za wakoloni. Baadaye vikaja vyama vya ushirika vya kahawa, kila kimoja na daftari lake la wanachama.

Ripoti za upande wa serikali zipo Dar es Salaam na London. Swali ni karatasi za upande wetu: daftari la kwanza la chama cha msingi, kadi ya uanachama ya babu, risiti za kahawa, wosia wa kibanja, barua za mtoto aliyekuwa Makerere, picha za harusi zenye tarehe nyuma yake. Nyingi zimo kwenye tranka chini ya kitanda, na adui zake ni mchwa, unyevu, moshi wa jikoni na mtoto anayetafuta karatasi ya kuwashia moto.

Wataalamu wa nyaraka hushauri mambo machache yasiyo na gharama kubwa:

Weka karatasi mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na moshi na jua.

Usibandike kwa selotepu wala kukunja tena mahali palipokwisha kukatika.

Andika kwa penseli nyuma ya picha: ni nani, wapi, mwaka gani.

Piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha tuma nakala kwa ndugu wawili au watatu walioko sehemu tofauti, ili simu moja ikipotea isipotee na habari.

Usiitoe hati halisi kwa mgeni yeyote, hata awe mtafiti, bila maandishi yanayoeleza anaichukua kwa muda gani na kwa kazi gani. Mpe nakala.

Ukiwa na hati ya chama au kijiji ambayo familia haiwezi kuitunza, zungumza na ofisi ya wilaya ikuelekeze kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Sharti hilo la maandishi ndilo linalobeba somo kubwa la maisha ya Murumbi. Yeye alikuwa mtu mkubwa, alikuwa na makubaliano na serikali yenyewe, na bado nyumba ilibomolewa. Kilichosalia ni kile kilichoorodheshwa na kuwekwa ndani ya jengo lenye walinzi na wahifadhi. Nia njema bila orodha, bila msimamizi na bila fedha ya matunzo haikutosha kuiokoa nyumba ya Muthaiga.

Hata hivyo kazi yake haikupotea yote. Leo mwanafunzi wa Nairobi, na hata mtu wa Bukoba aliyepita Mutukula na Kampala kwa basi akafika Moi Avenue, anaweza kuingia katika jengo lile na kuangalia stempu, vinyago na vitabu vya Afrika bila kupanda ndege kwenda Ulaya. Vingi vya vitu hivyo vingekuwa ng'ambo, au visingekuwepo kabisa, kama karani mmoja aliyekuwa uhamishoni asingeingia kwenye maduka ya vitabu chakavu na kutoa fedha yake ya mshahara.